Bánk, liwali wa Hungaria: ugomvi wa vyeo uliomuua malkia

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mliojaa huko nyuma habari za mchana. Asanteni kwa kuja. Niliombwa niongelee mtu mmoja wa historia ya mbali ambaye hasomwi kwenye shule zetu, na mi nimechagua mtu wa Hungaria wa miaka ya 1200, bwana mmoja mkubwa aliyepita kwenye vyeo vya kaunti mpaka akawa wa pili baada ya mfalme, alafu jina lake likaingia kwenye kesi ya mauaji ya malkia. Anaitwa Bánk, wa ukoo wa Bár-Kalán. Hungaria wanamjua mpaka watoto wa shule, kwa sababu karne ya 19 waliiigiza stori yake jukwaani na wakaitungia opera, na kwenye hiyo stori Bánk ni mume aliyevunjiwa heshima ya mke wake akaamua kulipiza kwa mkono wake. Mi leo nataka niwaambie kitu kingine. Nimeyasoma haya mambo kwa muda mrefu na ninaamini kabisa kwamba ule ugomvi ulikuwa ugomvi wa vyeo, na ukitaka kuuelewa usianzie chumbani kwa malkia, anzia kwenye ofisi ya kaunti.

Kwaiyo tuanzie hapo. Mkuu wa kaunti kule aliitwa ispán. Chukua mkuu wa mkoa, muongezee kazi ya hakimu, muongezee ukamanda wa jeshi na ukusanyaji wa kodi, vyote mtu mmoja, alafu usimpe mshahara. Ndo huyo. Huu utaratibu unaanzia kwa mfalme István wa Kwanza, yule aliyevikwa taji mnamo mwaka 1000 au 1001 na akaiingiza nchi kwenye Ukristo, na kufika mwisho wa miaka ya 1100 kuna listi ya mapato ya mfalme Béla wa Tatu inayotaja kaunti 72. Kila kaunti ina ngome yake, na msiwaze ngome za mawe kama Fort Jesus, nyingi zilikuwa za udongo na miti. Walikuwa wanapanga magogo wanatengeneza kama makasha makubwa, wanajaza udongo ndani na kuushindilia, kasha juu ya kasha mpaka linakuwa boma lenye urefu wa kutisha, na kule Sopron mpaka leo udongo wa boma la zamani umebaki mwekundu kwa sababu yale magogo yaliungua ndani kwa ndani na udongo ukaokwa.

Kwenye hiyo ngome ndo anakaa ispán. Chini yake kuna askari wa ngome ambao ni watu wa heshima kidogo, wana ardhi yao na kazi yao ni vita, na chini yao kuna watu wa ngome wa kawaida, wakulima na mafundi, wamegawanywa kwa mamia na kila mia ina mkubwa wake. Hawa wa chini ndo wanaozalisha. Wanaleta nafaka, wanaleta divai, wanaleta ng'ombe, sokoni na kwenye vivuko watu wanalipa ushuru, faini za mahakamani nazo zipo. Vyote hivyo vinahesabiwa, theluthi mbili za mfalme, theluthi moja inabaki kwa ispán. Hiyo theluthi ndo mshahara wake, ndo bajeti yake, na ndo utajiri wake.

Sasa hapo shikeni jambo moja. Ngome sio yake. Ardhi ya kaunti sio yake. Mfalme amempa leo na kesho anaweza kumnyang'anya bila kumueleza sababu, hakuna mkataba, hakuna miaka mitano. Bwana mkubwa aliyekuwa na kaunti mwaka jana mwaka huu anaweza akawa hana, na theluthi yake imeenda kwa mwingine. Mtu wa namna hiyo analala anaangalia mlango wa mfalme, nani ameingia, nani ametoka, nani anaongea na nani, maana riziki yake yote, ya watoto wake, ya wapambe wake na farasi wao, inategemea huo mlango.

Bánk alikulia humo. Kwenye nyaraka anaonekana kama mtu wa mfalme András wa Pili, aliyetawala kuanzia 1205 mpaka 1235. András alikuwa na tabia moja ambayo wanahistoria wa kwao wanaijadili mpaka leo, alikuwa anagawa. Wafalme wa kabla yake walitoa mashamba kwa kupima, yeye alianza kutoa ngome nzima, kaunti nzima, moja kwa moja na kwa vizazi, na aliandikisha kwenye hati kwamba kipimo bora cha mfalme anapotoa ni kutokuwa na kipimo. Fikirieni maana yake kwa hawa wakuu wa kaunti. Kaunti ikishatolewa milele kwa mtu mmoja haizunguki tena, imetoka kwenye foleni, waliobaki wanagombania zilizobaki. Na juu ya hapo András alikuwa na vita isiyoisha ya kutaka Halych, eneo ambalo leo liko Ukraine, alikwenda huko mara nyingi sana na kila akienda nchi inabaki mikononi mwa malkia.

Mwaka 1208 Bánk akapata cheo kikubwa, akawa bán wa Slavonia. Bán ni kama gavana wa nchi nzima ya kusini, upande wa Kroatia ya leo, ana jeshi lake, anahukumu, yani anakaa kwa niaba ya mfalme. Kwa mtu aliyeanza na vyeo vya kaunti hapo umefika mbali. Lakini hakukaa. Mwaka 1209 akatolewa, na aliyewekwa pale ni Berthold.

Huyu Berthold ndo ufunguo wa stori yote kwa mtazamo wangu. Ni ndugu wa kiume wa malkia. Malkia mwenyewe anaitwa Gertrude, ametoka kwenye ukoo wa Andechs-Merania, ukoo wa Kijerumani uliokuwa na watu kila mahali, dada yake mmoja aliolewa na mfalme wa Ufaransa, mwingine ni Hedwig wa Silesia ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu, kaka yake Ekbert alikuwa askofu wa Bamberg. Ekbert alikimbilia Hungaria mwaka 1208 baada ya mfalme wa Ujerumani, Philip wa Swabia, kuuawa na yeye kutajwa kwenye lile tukio. Berthold akiwa bado kijana alichaguliwa kuwa askofu mkuu wa Kalocsa, jimbo la pili kwa ukubwa wa heshima nchini, na Papa Innocent wa Tatu hakufurahi, aliagiza kijana apimwe elimu yake, akakutwa kusoma anaweza ila sheria za Kanisa hazijui. Ikabidi isubiriwe. Na huyo huyo, mwaka 1209, anapewa Slavonia ya Bánk. Na alipotoka Slavonia mwaka 1212 hakurudi kanisani kutulia, alipewa Transilvania aitawale kama voivode, yani gavana wa mfalme kule.

Hebu jiwekeni kwenye viatu vya wale mabwana. Wamepigana vita za mfalme, baba zao wamepigana, wanasubiri zamu zao, na vyeo vitatu vikubwa vya nchi anavipita kijana mmoja wa ndani ya nyumba ya malkia. Mi simlaumu Gertrude kwa kupenda ndugu zake, malkia wote wa zama zile waliolewa mbali wakaja na watu wao, na mwanamke aliyeachiwa nchi mume yuko vitani anahitaji watu anaowaamini. Ila matokeo yake yalionekana. Mnamo mwaka 1210 tayari kuna mabwana waliotuma watu kwenda kuwaita watoto wa Géza, ndugu wa ukoo wa kifalme waliokuwa wanaishi upande wa Byzantium, waje kuchukua taji, na wale wajumbe wakakamatwa njiani, Split, pwani ya Dalmatia. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya mauaji. Kwaiyo anayewaambia kwamba malkia aliuawa kwa sababu ya tukio moja la chumbani mwambieni aangalie tena tarehe.

Na Bánk alifanywa nini baada ya kutolewa Slavonia? Hakutupwa. Aliwekwa kuwa msimamizi na hakimu wa baraza la malkia. Yani mtu aliyepokonywa cheo apewe ndugu wa malkia, anakwenda kuendesha mahakama ya malkia huyo huyo, anahukumu kesi za watu wa malkia, anaingia na kutoka nyumbani kwake, anaona kila barua ya ombi na kila zawadi inayotoka. Alafu mwaka 1212 anapanda kuwa nádor, hakuna cheo cha juu zaidi ya hicho chini ya mfalme, na pamoja na hicho anapewa kaunti ya Pozsony, mji ambao leo ni Bratislava, makao makuu ya Slovakia. Wengine wanashangaa mtu ni wa pili nchini anataka kaunti ya nini tena. Ndo nilivyowaambia, mshahara haupo. Nádor naye lazima ale, na chakula chake kinatoka kwenye theluthi ya kaunti fulani.

Sasa tunafika tarehe 28 Septemba 1213. Mfalme yuko njiani kuelekea Halych. Malkia yuko kwenye milima ya Pilis, msitu wa kifalme wa kuwindia, sio mbali na Esztergom, na ana wageni, yupo ndugu yake Berthold na yupo Leopold wa Sita mtawala wa Austria. Mabwana wakavamia. Gertrude akauawa. Berthold na Leopold waliponea chupuchupu wakakimbia na roho zao. Watu waliotajwa kwenye lile kundi ni Bánk, mkwe wake Simon aliyemuoa binti yake, Simon mwingine wa ukoo wa Kacsics, na Peter mtoto wa Töre, huyu naye amewahi kuwa mkuu wa kaunti, na mkono uliomuua malkia kwa kumbukumbu za karibu na tukio ni mkono wa Peter. Masimulizi ya baadaye ndo yalikuja kumpa Bánk ule upanga.

Kuna barua pia. Askofu mkuu wa Esztergom, János, alikuwa upande wa wasioridhika, inasemekana aliwaandikia waliomuomba ushauri sentensi moja ya Kilatini isiyo na alama hata moja ya kituo. Ukiisoma kwa kusimama mahali fulani inasema msiogope kumuua malkia, ni jambo jema, wote wakikubali mimi sipingi. Ukisimama mahali pengine inasema msimuue malkia, kuogopa ni vema, hata wote wakikubali mimi hapana, napinga. Wanahistoria wa zama zile waliipenda sana hii stori, wakaandika kwamba Papa mwenyewe alimsafisha askofu kwa usomaji wa pili. Kama ilitokea hivo hivo au ilinogeshwa, inaonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyoona jambo lenyewe, kwamba wakubwa walijua na wakajiwekea pa kutokea.

Na ile stori ya mke wa Bánk? Inasema ndugu mmoja wa kiume wa malkia alimdhalilisha mke wa Bánk na malkia akamsaidia. Imekuja kuandikwa miongo kadhaa baadaye. Mi siwezi kusimama hapa nikaweka uzito wa jambo kubwa kama hili juu ya kitu cha namna hiyo, wakati mbele yangu nina listi ya vyeo inayoeleza kila kitu bila kumuweka mwanamke yeyote kwenye aibu. Nalisema hili kwa uchungu kidogo maana ni tabia ya masimulizi mengi, siasa za wanaume zikichafuka anatafutwa mwanamke wa kubebeshwa, huku malkia mjeuri, kule mke aliyeharibiwa, na vyeo vyenyewe vilivyogombaniwa havitajwi.

Kuna mtoto pia nataka mumkumbuke. Gertrude alikuwa na binti, amezaliwa 1207, na mwaka 1211 akiwa na miaka minne alipelekwa Thuringia, Ujerumani, akakulie kwenye familia ya mchumba wake kama walivyofanya. Alikuwa na miaka sita mama yake alipouawa. Wakatoliki mliopo hapa mnamjua, ni Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, sikukuu yake tarehe 17 Novemba, msimamizi wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, yule wa mikate na masikini. Akiwekwa kwenye picha zetu za kanisani anawekwa peke yake na mikate yake, mara chache mtu anasema huyu mama alikuwa yatima wa mauaji ya kisiasa.

Mfalme akarudi. Na hapa ndo naomba msikilize vizuri maana hapa ndo unaona thamani ya cheo. Peter aliuawa, alichomekwa kwenye mti uliochongwa ncha, na mali zake zikachukuliwa. Bánk akapoteza unádor. Basi. Hakufungwa, hakuuawa, mashamba yake yakabaki. Wale wengine nao wakaachwa, na Simon wa Kacsics mwaka 1215 tunamkuta ni voivode wa Transilvania. Kwa nini? András alikuwa amefiwa na mke ila alikuwa anazihesabu nguvu zake. Akimgusa Bánk amegusa ukoo mzima, na wakwe, na kaunti zenye askari wao. Na alikuwa na mtoto wa kiume, Béla, ana miaka saba, na mwaka 1214 András anamuandikia Papa analalamika kwamba kuna mabwana wanataka kumvika taji huyo mtoto wakati baba yupo hai. Mfalme mwenye hofu ya namna hiyo anachagua mmoja wa kumtoa mfano, na anamchagua yule ambaye hana wengi nyuma yake.

Mwaka 1217 András anakwenda vita vya msalaba, na bán wa Slavonia ni nani? Bánk. Amerudi kwenye kiti kile kile alichopokonywa 1209, miaka minne tu tangu malkia auawe. Na mwaka 1221 anaonekana tena ni hakimu wa baraza la malkia, safari hii malkia mpya, Yolanda wa Courtenay, ambaye András alimuoa mwaka 1215. Mi kila nikifika hapa nasimama kwanza. Mtu ametajwa kwenye mauaji ya malkia wa kwanza anawekwa kuendesha baraza la malkia wa pili, na wote pale wanajua, na hakuna aliyeona haiwezekani. Ukitaka kujua ofisi ilikuwa inafanya kazi gani kwenye ile nchi, hiyo sentensi moja inatosha kuliko vitabu kumi.

Lakini nchi haikukaa kimya. Chini ya hawa wakubwa kulikuwa na kundi linaitwa watumishi wa mfalme, watu huru wenye ardhi ndogondogo waliokuwa wanapigana chini ya mfalme moja kwa moja, na kadri kaunti zilivyogawiwa wao wakaanza kujikuta wanaminywa na ispán au na bwana aliyepewa kaunti. Walikuwa wengi na walikuwa na silaha. Mwaka 1222 walimlazimisha András kutoa hati yenye muhuri wa dhahabu, miaka saba baada ya Waingereza kupata Magna Carta yao, na ikaandikwa nakala saba, moja ya Papa, moja ya watawa wa Hospitali, moja ya Watempla, wote hao ni watawa wapiganaji, moja kwa mfalme, mbili kwa makanisa ya Esztergom na Kalocsa, na moja akae nayo nádor asije akasahau. Leo hakuna hata moja ya zile saba iliyobaki, maneno tunayo kutoka kwenye nakala za baadaye, na mfalme Lajos aliyathibitisha mwaka 1351.

Isomeni ile hati mkiwa na Bánk kichwani, inabadilika kabisa. Inasema mkuu wa kaunti ambaye hatajiendesha kwa heshima au atawaharibu watu wa ngome yake, avuliwe cheo mbele ya watu wote na arudishe alichochukua. Inasema kaunti nzima au cheo chochote kisitolewe kwa mtu kiwe mali yake ya kudumu. Inasema ispán asihukumu mashamba ya watumishi wa mfalme isipokuwa kesi za sarafu na zaka. Inasema ispán ale kile tu ambacho ni haki ya ofisi yake, mengine, divai ile, ushuru ule, ng'ombe wale, theluthi mbili za ngome, ni ya mfalme. Inasema wageni wakija, hata wakiwa watu wazuri, wasipandishwe vyeo bila baraza la nchi kukubali. Hicho kipengele cha wageni ni kivuli cha Berthold kabisa, aliyekwisha kwenda zake Italia kuwa patriaka wa Aquileia. Na mwisho kabisa inasema mfalme akivunja, maaskofu na mabwana wana haki ya kumpinga na haitahesabiwa ni uhaini. Hiyo haki ilidumu kwenye sheria za Hungaria mpaka mwaka 1687.

Kipengele kimoja kinanisumbua sana. Kinakataza mtu mmoja kushika vyeo viwili kwa mpigo, safi kabisa, alafu kinaweka watu wanne ambao hawahusiki: nádor, bán, hakimu wa baraza la mfalme na hakimu wa baraza la malkia. Hesabuni vyeo alivyopita Bánk. Nádor, bán, hakimu wa malkia. Vitatu kati ya vinne. Walioandika walijua kabisa wapi pa kukaza na wapi pa kuacha mlango wazi, waliowabana ni wakuu wa kaunti wa kawaida, wale wa juu kabisa waliendelea kula na kaunti zao kama kawaida.

Na kuna kingine kinatugusa watu wa pwani. Hati inasema wasimamizi wa sarafu, chumvi na ushuru wawe mabwana wa nchi, Waismaeli na Wayahudi wasiweze. Waismaeli ni Waislamu. Ndio, Hungaria ya wakati ule ilikuwa na Waislamu wake, wafanyabiashara, askari, watu wa hesabu, waliohudumu kwenye hazina ya mfalme. Sarafu za shaba za Béla wa Tatu zimechorwa kwa kuiga maandishi ya Kiarabu. Na Yaqut al-Hamawi, yule mwanajiografia mkubwa, anaeleza alivyokutana Aleppo na vijana Waislamu waliotoka Hungaria wamekuja kusoma fikihi ya Hanafi, wakamwambia kwao wana vijiji kama thelathini na wanavaa kama watu wa kule na wanapigana vita za mfalme wao. Ni miaka hiyo hiyo ya Bánk. Watu walikuwa wanagombana na wakubwa juu ya kodi, lakini kwenye hati wakaingizwa na hawa waliokuwa wanakusanya kwa niaba tu, na mwaka 1233 kwa shinikizo la Kanisa mfalme akala kiapo kule Bereg kwamba hatawapa tena kazi za hazina na watavaa alama ya kuwatenga. Jamii ile ikaendelea kufifia mpaka ikaisha. Mi hili linaniuma na siwezi kusoma ile hati kama ushindi mtupu.

Watu wa kaunti ya Zala wao hawakusubiri. Mwaka 1232 watumishi wa mfalme wa kaunti ile walikutana wakaandikisha hati yao pale Kehida, wakieleza kwamba wameomba ruhusa ya kuhukumu wenyewe kwa sababu wanyonge wanaonewa na wenye nguvu na haki hawaipati. Hapo kaunti inaanza kubadilika, inatoka kuwa ngome ya mfalme yenye mtu mmoja, inakuwa baraza la watu wa eneo wenye mahakimu wao wa kuchagua. Ispán anabaki juu kwa jina na kwa pato, ila kazi ya kila siku inahamia kwa wengine. Cheo chenyewe ni kigumu kufa kwelikweli, mwaka 2022 serikali ya Hungaria ilikirudisha, wawakilishi wa serikali kwenye kaunti wakaitwa tena főispán.

Tumalizie na Béla. Yule mtoto wa miaka saba. Aliingia kwenye kiti mwaka 1235 na jambo mojawapo alilofanya ni kuchoma viti vya mabwana, yani kwenye baraza aliamuru viti walivyozoea kukalia wakiwa mbele ya mfalme vichomwe moto, wasimame, wakae maaskofu na watu wa ukoo wa kifalme tu. Alitaka kurudisha kaunti alizogawa baba yake. Ardhi za Peter kule Pétervárad, ambako leo ni Petrovaradin nchini Serbia, mwaka 1237 aliwapa watawa wa Citeaux. Na mwaka 1240 kwenye hati yake anaeleza kwamba Bánk amenyang'anywa mali zote kwa kushiriki njama ya kumuua mama yake, na anaongeza kwamba kwa kauli ya wengi alistahili adhabu kubwa zaidi ya hiyo. Miaka 27. Mtoto alikua akimuona huyu mtu ni bán, akimuona ni hakimu wa baraza la mama wa kambo, na alipopata nguvu kamili bado aliandika kwamba adhabu ile ilikuwa ndogo.

Tarehe 11 Aprili 1241 Wamongolia waliliponda jeshi la Béla pale Muhi. Rogerius, padri aliyeyapitia yale maafa mwenyewe na kuyaandika, anaorodhesha kwa nini mabwana walikuwa na kinyongo na mfalme wao, na ndani ya ile listi vipo vile viti vilivyochomwa na zipo zile ardhi zilizorudishwa kwa nguvu. Baada ya hapo Béla huyo huyo alianza kugawa upya ili wenye uwezo wajenge ngome za mawe, maana zile za udongo na magogo zilikuwa zimeonekana hazitoshi.

Mi nakomea hapo. Naona mikono imeshanyooka, tuanze na yule mama aliyekaa karibu na dirisha.